Garimoshi Katika Mbuga za Shinyanga

Reli iliyoingia Usukumani kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikiwa na urefu wa karibu kilomita 380. Ilikuwa tawi la Reli ya Kati, ambayo Wajerumani waliianza Dar es Salaam mwaka 1905, wakaifikisha Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Waingereza walijenga tawi hili hasa kwa ajili ya pamba. Bukene, Isaka, Shinyanga, Malampaka, Bukwimba na Mantare zikawa stesheni, na marobota ya pamba yakapata njia ya kwenda pwani. Lakini treni haikubaki chombo cha mizigo tu. Iligeuka kuwa kitu ambacho watu hutoka nyumbani kwenda kukitazama, bila tiketi na bila mgeni wa kumpokea.

Ardhi yenyewe ilichangia. Mbuga za Shinyanga ni tambarare, na miaka ileile reli ilipokuwa ikijengwa, serikali ilikuwa ikiwatoa wananchi kukata vichaka ili kufukuza mbung'o, kazi iliyoongozwa na Charles Swynnerton. Kilimo na kuni vikaongeza uwazi. Mchungaji wa ng'ombe aliweza kuona moshi muda mrefu kabla ya kukiona kichwa cha treni, kisha akasikia mlio, kisha akahisi ardhi ikitetema. Treni ilikuwa na mwanzo, kati na mwisho kama hadithi, na kila mtu alikuwa na nafasi ya kuisikiliza yote.

Kichwa cha mvuke kilikuwa na sifa nyingine: hakikuficha siri zake. Moto ulichemsha maji, mvuke ukasukuma pistoni, pistoni ikasukuma fito, na fito zikazungusha magurudumu, fito na magurudumu vikiwa nje, mbele ya macho. Kichwa chenye silinda mbili hupumua mara nne kwa kila mzunguko wa gurudumu. Sikio lililozoea lilijua treni inapanda, inashuka au imebeba mzigo mzito. Mtoto ambaye hajawahi kuingia darasani aliweza kujifunza utendaji wa mashine kwa kusimama kando ya reli, na hapo ndipo penye kiini cha mapenzi haya popote duniani: mashine kubwa inayojieleza yenyewe.

Mwaka 1942 mapenzi hayo yalitoa maandishi mawili yasiyofanana hata kidogo. Huko London, Ian Allan, karani kijana wa Southern Railway, alichapisha kijitabu chenye namba za vichwa vyote vya kampuni hiyo. Watoto wa Uingereza wakasimama majukwaani kwa maelfu, wakipiga mstari chini ya kila namba waliyoiona. Huku Tanganyika, Clement Gillman alichapisha historia fupi ya reli za nchi hii katika jarida la Tanganyika Notes and Records. Gillman alikuja mwaka 1905 kujenga Reli ya Kati na akafikia cheo cha mhandisi mkuu wa reli. Aliandika shajara miaka mingi, akachora ramani za watu na za uoto. Allan alihesabu vichwa. Gillman alisoma nchi kwa kufuata reli. Njia ya pili ndiyo inayofanana zaidi na ya watu wa Shinyanga, kwa kuwa kwao treni haikutenganishwa na waliokuwa ndani yake.

Waliokuwa ndani walikuwa wengi. Kabla ya reli, wapagazi wa Kinyamwezi na Kisukuma walitembea hadi pwani kwa wiki nyingi. Baadaye vijana walipanda behewa la daraja la tatu kwenda mashamba ya mkonge, wakaitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alijulikana kwa namba yake. Treni ikawa ndiyo iliyowachukua na ndiyo iliyowarudisha, na kuisubiri kukawa kumsubiri mtu. Pale Tabora mabehewa ya Mwanza na ya Kigoma hutenganishwa, kazi ambayo hutazamwa hadi leo na abiria wanaochungulia madirishani kwa hamu ileile.

Mwaka 1948 reli za Kenya, Uganda na Tanganyika ziliunganishwa. Shirika jipya liliagiza Uingereza, katika miaka ya 1950, vichwa vya mvuke vilivyopewa majina ya makabila ya Afrika Mashariki. Vile vikubwa zaidi, vya daraja la 59, vikapewa majina ya milima. Jina lilikifanya kichwa kuwa mtu. Kimoja, chenye namba 3020, kiliitwa Nyaturu kwa heshima ya watu wa Singida, majirani wa Wasukuma.

Si kila mahali pa kanda hii palipata reli: Geita haikupata. Mgodi wake wa zamani, uliofanya kazi kuanzia miaka ya 1930 hadi 1966, ulitegemea barabara na ziwa, na mgodi mpya uliofunguliwa mwaka 2000 nao hauna njia ya treni. Hata hivyo reli iliwafikia watu wa ziwani kwa sura ya meli. MV Victoria, iliyoanza kazi mwaka 1961, ilikuwa mali ya shirika la reli, na katikati ya miaka ya 1960 ikaja MV Umoja, iliyobeba mabehewa yenyewe juu ya maji. Behewa likipanda meli Mwanza ni tamasha ambalo mji usio na bandari hauwezi kulipata.

Dizeli ilichukua nafasi ya mvuke katika miaka ya 1970 na 1980. Shirika la pamoja lilikuwa limevunjika mwaka 1977. Nyaturu amehifadhiwa katika Makumbusho ya Reli, Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Inasikitisha kwamba watu wa Singida na Shinyanga wanaotaka kumwona hulazimika kuvuka mpaka.

Juni 2021 jiwe la msingi la reli ya kisasa kati ya Mwanza na Isaka, yenye kilomita 341 pamoja na njia za kupishania, liliwekwa wilayani Misungwi. Upana wake ni milimita 1,435, wakati reli ya zamani ina milimita 1,000. Mwaka 2024 treni za umeme zilipoanza kati ya Dar es Salaam na Dodoma, watu walikusanyika kando ya njia na simu mkononi, na treni yenye pua ndefu wakaiita mchongoko. Haina moshi wala fito za kutazamwa. Lakini jina inalo tayari, na safari hii limetolewa na watazamaji wenyewe.