Pumzi Nyingi, Sauti Kidogo

Msomaji, lipo kosa moja la ualimu wangu ambalo bado linanisuta. Mwaka 1991, nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja alinijia na fluti, filimbi ile ishikwayo kwa ubavu. Sauti yake ilijaa upepo, kama mtu apulizaye moto wa kuni mbichi. Nikamwambia kile nilichoambiwa mimi ujanani: "Puliza kwa nguvu zaidi!" Akapuliza mpaka kizunguzungu kikamshika. Muhula ulipokwisha aliirudisha filimbi kabatini, wala hakuigusa tena.

Nilipostaafu ndipo nilipozisoma habari za Theobald Boehm, aliyezaliwa Munich, Ujerumani, mwaka 1794. Alikuwa sonara, kazi aliyoirithi kwa baba yake, tena mpiga filimbi hodari. Mwaka 1831, mjini London, alimsikia Mwingereza Charles Nicholson, ambaye filimbi yake ilikuwa na matundu makubwa na sauti nene. Boehm alitambua kwamba hawezi kumfikia. Je, alirudi kwao akapulize kwa nguvu zaidi? Hasha. Alikaa akaichunguza filimbi yenyewe. Mwaka 1832 akatoa filimbi mpya. Kisha akajifunza elimu ya sauti, na mwaka 1847 akatoa nyingine yenye bomba la upana mmoja. Filimbi za okestra za leo ni uzao wa hiyo.

Lakini chombo bora hakimfundishi mtu kupuliza. Sauti ya filimbi hii huzaliwa pale mkondo wa pumzi unapogonga ukingo wa mbali wa tundu, ukawa unayumba ndani na nje. Midomo ikiachama, mkondo hutawanyika, pumzi nyingi hupita bure, nasi husikia upepo mtupu. Ukiongeza nguvu, waongeza upepo. Dawa ni kuupunguza upenyo wa midomo, mdomo wa chini ufunike karibu theluthi ya tundu, kisha kuigeuza filimbi kidogo kidogo mpaka sauti ikusanyike. Mjerumani Johann Joachim Quantz aliandika sura nzima juu ya midomo katika kitabu chake cha mwaka 1752. Mfaransa Marcel Moyse naye alitoa mwaka 1934 kitabu cha mazoezi ya sauti, noti ndefu zipigwazo taratibu. Elimu hiyo ilikuwapo siku ile nilipomtesa kijana wa watu.

Hivi karibuni mjukuu wangu alianza kujifunza. Nilimpa kile kipande cha juu cha filimbi peke yake, pamoja na kioo, nikamwambia apulize polepole huku akiitazama midomo yake. Siku ya tatu sauti ikatoka, nyembamba lakini safi. Nilifurahi, kisha nikamkumbuka yule mwanachuo. Pumzi alikuwa nayo ya kutosha. Aliyepungukiwa ni mwalimu wake.