Tarakimu za Kulia na za Kushoto

Kule Msuka, kaskazini ya Pemba, katika magofu ya msikiti wa kale, mihrabu imechorwa mwaka 816 wa Hijria, yaani 1414 Miladia. Hati ya Kiarabu husomwa kutoka kulia. Wazee wetu waliotoka Gujarat na Kutch kuja kufungua maduka visiwani walileta daftari zisomwazo kutoka kushoto. Tarakimu, hata hivyo, zilikuwa ndugu. Brahmagupta alieleza kanuni za sifuri mwaka 628. Al-Khwarizmi akazifundisha hesabu za Kihindi Baghdad katika karne ya 9. Na Fibonacci, alipowaandikia Wataliani mwaka 1202, alizipanga kuanzia 9 kushuka hadi 1, kwa mwendo wa Kiarabu.

Ajabu ni kwamba 25 huandikwa mbili kushoto na tano kulia katika hati zote mbili. Jicho litokalo kulia hukutana kwanza na tano, na ulimi husema hamsa wa ishirini. Jicho letu hukutana na mbili, lakini Kigujarati husema pachis, tano ikitangulia. Kiswahili kilipokea ishirini kutoka kwa Waarabu, kisha kikaitanguliza. Na katika kujumlisha sote twaanzia kulia, kwenye mamoja: wao huenda na mkondo, sisi twapiga kasia kuukabili.

Mwaka 1993 Stanislas Dehaene na wenzake walionyesha kuwa wasomao kutoka kushoto hujibu namba ndogo upesi zaidi kwa mkono wa kushoto, na kubwa kwa wa kulia. Mwaka 2009 Shaki, Fischer na Petrusic waliona kinyume chake kwa Wapalestina.

Dukani jambo hili lilikuwa zito. Katika daftari ya Kigujarati jama, kilichopokewa, hukaa kushoto, na udhar, deni, hukaa kulia. Vitabu vya Kiingereza hupanga kinyume. Mkulima wa karafuu aliyesoma Kiarabu vizuri hakuweza kujua upande upi ni wake. Deni lake alilisikia kwa kinywa cha mwenye duka. Tunaposimulia sheria za karafuu za 1934 na mgomo wa wafanyabiashara wa Kihindi wa 1937 hadi 1938, tusitaje bei peke yake. Daftari isiyosomeka na upande wa pili, hata ikiwa ya kweli, huzaa shaka.

Kila Diwali twaziombea daftari mpya mbele ya Lakshmi. Zile kuukuu zimo makabatini, na wajukuu wetu nao hawazisomi. Twawaomba wenye nazo wasizitupe, bali wakae na vijana wazisome kwa sauti, angali wapo wanaojua.