Remmy Ongala: mtoto wa Kindu aliyeimba kwa Kiswahili

Siku moja niliuliza wanafunzi wangu wa mwaka wa mwisho, hapa Bunia: ni nani mwanamuziki mkubwa wa Kongo? Wakataja Franco, Koffi Olomide, Fally Ipupa. Nikauliza tena: na yule wa mashariki, aliyeimba kwa Kiswahili? Darasa lote kimya. Ile kimya njo imenisukuma kuandika haya.

Remmy Ongala alizaliwa Kindu mwaka 1947, wakati wa Wabelgiji. Jina lake la nyumbani ni Ramazani Mtoro Ongala. Baba yake alipiga muziki wa asili, lakini alikufa mtoto akiwa bado mdogo. Mama naye akafa mwaka 1964, ule mwaka Simba walishika Kisangani. Kijana akabaki yatima, na mzigo wa wadogo wake mgongoni. Akashika gita na ngoma, akatafuta chakula kwa muziki katika orkestre za huku mashariki, akafika hata Uganda.

Msomaji asishangae tukimwita mwanamuziki wa jazz. Wazee wetu hawakulitumia lile neno kama Wamarekani. Kwao lilikuwa orkestre ya kisasa ya kuchezesha watu: magita, tarumbeta, ngoma. Léopoldville kulikuwa African Jazz ya Kabasele, na OK Jazz tangu 1956. Tanzania kulikuwa Morogoro Jazz na Western Jazz.

Mwimbaji wa Kongo wakati ule alikuwa na njia mbili. Ya kwanza ni kwenda Kinshasa, kwenye studio na redio kubwa, na kuimba kwa Lingala. Ya pili ni kuelekea jua linakotoka. Remmy alichagua ya pili. Mwaka 1978 alifika Dar es Salaam, akaingia Orchestra Makassy, ya mjomba wake Mzee Makassy. Kisha akahamia Super Matimila. Matimila ni jina la mfanyabiashara aliyekuwa mwenye vyombo. Hapo tunajifunza kitu: mwanamuziki anaweza kuwa na sauti na jina, lakini gita ni ya mwingine.

Kiswahili cha Maniema njo kilimfungulia mlango. Aliimba juu ya maskini, kifo, mapenzi, na watu wa kule wakamsikia neno kwa neno. Ulaya nayo ikamuita: mwaka 1989 kampuni ya Real World, ya Mwingereza Peter Gabriel, ilitoa albamu yake Songs for the Poor Man, na mwaka 1992 ikatoka Mambo. Ndani ya ile ya kwanza kuna wimbo unaoitwa Muziki Asili Yake Wapi. Ni swali ambalo sisi pia tungepaswa kujiuliza.

Alikuwa mtu asiyeogopa. Ukimwi ulipokuwa unamaliza watu, alitunga Mambo kwa Soksi, kuhimiza wanaume watumie kondomu. Redio ya serikali ikakataa kuupiga. Lakini wimbo ukatembea wenyewe, kwa kasete na midomo ya watu.

Mwishoni ugonjwa ulimshika. Akaacha muziki wa dansi, akaimba nyimbo za kanisa. Alikufa Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010. Kule Sinza, kituo cha basi kinaitwa mpaka leo Sinza kwa Remmy. Kwetu, alikozaliwa, watoto wetu hawamjui.

Wengine watasema: alituacha, akawa wa Watanzania. Mimi sioni hivyo. Alikwenda pale lugha yetu ilipompatia kazi na heshima. Kosa liko kwetu, sisi tunaofikiri wimbo wa Kiswahili ni wimbo mdogo kuliko ule wa Lingala. Mtoto wa Bunia anayetunga kwa Kiswahili ana wasikilizaji mpaka Mombasa, nani amemwambia?

Tena, hata hapa Ituri wako wazee waliopiga katika orkestre zetu. Vita ya 1999 mpaka 2003 ilitawanya watu na vitu vyao, na kila mwaka tunazika wengine. Basi ndugu msomaji, kama kwenu kuna mzee aliyeshika gita, keti naye. Andika jina lake, la orkestre yake, mwaka, na nyimbo anazokumbuka. Vijana wana simu, warekodi sauti yake. Tusingoje wageni waje kutuambia wimbo wetu ulitoka wapi.