Wahusika na Udugu katika Filamu ya Vuta N'kuvute

Vuta N'kuvute ni filamu ya mapenzi na siasa iliyoongozwa na Amil Shivji. Ilioneshwa kwa mara ya kwanza Septemba 2021 katika tamasha la filamu la Toronto, Kanada. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilohilo, iliyotoka mwaka 1999, na hadithi yake inapita Unguja ya miaka ya 1950, Waingereza wakiwa bado ndio wenye amri.

Yasmin na watu wake

Yasmin (Ikhlas Gafur Vora) ni binti wa Kihindi wa Mji Mkongwe. Wazee wake wanamwoza kwa Bwana Raza, mwanamume wa umri wa kumzaa. Riwayani Raza ni mwenye duka: yeye yuko chini na wateja wake, mkewe yuko ghorofani dirishani, akitazama wenziwe wakipita njiani. Kuna ukatili mkubwa katika picha hiyo ingawa hakuna aliyeinua mkono. Raza anamhamishia Mombasa, Yasmin anamkimbia, na anaporudi Unguja nyumba ya kwao haimpokei. Kwa wazee wake, aibu ya binti aliyemwacha mume ni nzito kuliko uchungu wa mwana.

Wasomaji wa Wingwi, Wilaya ya Micheweni kisiwani Pemba, hawahitaji kuelezwa uzito wa jambo hilo, japo kabila la wahusika si lao. Huko, kama kwengine Pemba, posa hupelekwa na wazee, mahari hukubaliwa baina ya pande mbili, na walii wa mwari kwa kawaida ni baba yake. Ndoa hufunga koo mbili; anayeivunja huwa amezigusa zote.

Mwajuma

Huyu ndiye nguzo ya hadithi, na wahakiki wengi wanampita haraka wakikimbilia mapenzi. Mwajuma ni mwanamke wa Ng'ambo, hana damu moja na Yasmin wala hali moja, lakini ndiye anayemfungulia mlango. Anampa pa kulala, chakula, na kundi la watu wanaocheka. Kwa matendo yake anakuwa dada na mama kwa pamoja. Katika filamu nafasi hii imechezwa na Siti Amina, mwimbaji wa taarab wa Siti and the Band, na uimbaji wake unampa Mwajuma hadhi.

Denge

Denge (Gudrun Columbus Mwanyika) ni kijana mpigania uhuru anayesambaza maandishi yaliyopigwa marufuku na kuandamwa na polisi. Jamaa zake wa kweli ni wenzake wa harakati. Riwayani wapo Mambo, Huseni na Sukutua. Yasmin anapompenda anaingia pia katika udugu huo, na anaanza kubeba hatari zake.

Mwanawetu

Riwayani Yasmin na Denge wanapata mtoto, Mwanawetu. Bukheti, aliyefahamiana na Yasmin Mombasa, baadaye anamwoa na kumlea mtoto huyo.

Sinema za zama zile

Watu wa Unguja ya wakati huo waliijua vyema mada ya familia inayofukuza. Filamu ya Kihindi Awara ya mwaka 1951 ilipendwa mno Zanzibar: hakimu anamtoa mkewe mjamzito nyumbani, na mwanawe anakulia mitaani hadi anampenda Rita, msichana anayelelewa na hakimu huyohuyo. Raj Kapoor aliigiza mwana, na baba yake mzazi, Prithviraj Kapoor, akaigiza hakimu. Awara humrudisha mwana kwa baba yake. Shafi hakumpa Yasmin faraja hiyo, na uamuzi wake una ukweli zaidi.

Mapokezi

Mwaka 2022 filamu ilitwaa Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage, Tunisia, na Tanzania ikaiwasilisha kuwania tuzo ya Oscar ya filamu ya kimataifa. Riwaya yenyewe imesomeshwa kidato cha tano na cha sita, kwa hiyo vijana wengi wa skuli, wa Pemba wakiwemo, walimjua Yasmin kwa kalamu ya Shafi kabla ya kumwona kwenye skrini.