Kibanda cha Fundi: Historia ya Gemu Ambayo Hatujaiandika

Miezi michache iliyopita mwanafunzi wa mwaka wa tatu alileta mbele yetu pendekezo la utafiti. Alitaka kuandika historia ya vibanda vya gemu katika mji wa Singida, tangu vilipoingia hadi simu za mkononi zilipovipunguzia wateja. Mwenzangu mmoja alilisoma, akatabasamu, akasema kwamba sisi tunafundisha historia, hatufundishi utoro. Waliokuwapo wakacheka. Mimi nilinyamaza. Nilinyamaza ilhali miaka yangu kuanzia darasa la nne hadi kidato cha pili ilipita ndani ya kibanda kimoja cha mabati pale Mandewa, na hata leo naweza kuutaja bila kufikiri mpangilio wa vitufe unaompa mchezaji wa Contra roho thelathini. Makala haya ni deni ninalolilipa kwa kijana yule.

Nianze mbali kidogo. Mwaka 1972 kule Marekani kulitokea vitu viwili: mashine ya Magnavox Odyssey, iliyobuniwa na Ralph Baer ili ichomekwe kwenye televisheni ya nyumbani, na Pong ya kampuni ya Atari, kabati lenye kioo na tundu la sarafu lililowekwa katika mabaa. Miaka miwili baadaye, mwaka 1974, serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Katazo lile lilikuwa na sababu. Hazina ilikuwa imejaribu kuendesha hesabu za serikali kwa kompyuta, mfumo ukavurugika, na nchi iliyokuwa inabana kila senti ya fedha za kigeni ikaona kwamba mashine zile ni mzigo. Televisheni nayo, kwa upande wa Bara, ilihesabiwa kuwa anasa. Wenzetu wa Zanzibar walikuwa na kituo chao cha rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Bara ilibidi isubiri hadi mwaka 1994 ndipo vituo binafsi vianze kurusha matangazo.

Naomba msomaji azingatie maana ya tarehe hizo. Space Invaders ilitoka mwaka 1978, Pac-Man mwaka 1980, Tetris ya Alexey Pajitnov mwaka 1984 katika Moscow ya Kisovieti, Super Mario Bros. mwaka 1985. Mtoto wa Mandewa wa miaka hiyo hakuzikosa gemu hizo kwa umaskini peke yake. Hata kama baba yake angeuza ng'ombe wote zizini, hapakuwa na televisheni ya kuchomekea. Ninapowasikia watu wakisema kwamba Afrika "ilichelewa" katika jambo hili, kana kwamba tulikuwa tumelala, huwa nawakumbusha kwamba ucheleweshaji wetu una nambari za matangazo ya serikali. Wala siandiki hivi ili kuwabeza waliopiga marufuku. Taifa lililokuwa likifundisha watu wazima kusoma chini ya miti lilikuwa na haki ya kupanga kipi kitangulie. Nasema tu kwamba sera ina historia, na gemu zimo ndani yake.

Milango ilipofunguliwa, vitu vilikuja vyote kwa pamoja, vikiwa vimechanganyika umri. Kibanda ninachokizungumzia kilikuwa cha fundi redio, nasi tulimwita hivyo hivyo, Fundi. Mandewa ya wakati ule ilikuwa pembezoni mwa mji. Ukiacha nyumba za kando ya barabara, ulikuwa unaingia katika alizeti na mtama. Nguzo za umeme zilikuwa zimefuata barabara, na Fundi alijenga hatua chache tu kutoka nguzo. Karibu mwaka 2001 alileta televisheni ya inchi kumi na nne na mashine ndogo ya plastiki ambayo sisi tuliiita "tivii gemu". Baadaye sana, nikiwa mtu mzima, nilielewa kwamba ilikuwa nakala ya Famicom ya Nintendo, mashine iliyozinduliwa Japani mwezi Julai 1983 na kuigwa bila ruhusa katika viwanda vya Asia kwa miaka ishirini. Kaseti yake ya manjano ilidai kuwa na gemu 9,999,999. Zilikuwa chache zisizozidi ishirini, zikijirudiarudia kwa majina tofauti. Huo ulikuwa udanganyifu wa kwanza wa takwimu niliowahi kuugundua mwenyewe, kwa kuhesabu.

Shilingi hamsini ilikupa dakika kumi. Fundi alipima kwa saa ya ukutani na kuandika katika daftari.

Contra ilikuwa gemu ya Konami ya mwaka 1987, na mwaka uliofuata ikaingia katika mashine za nyumbani. Askari wawili, mmoja wa buluu na mmoja wa nyekundu, wanakimbia porini wakipiga risasi. Mpangilio ule wa vitufe, juu mara mbili, chini mara mbili, kushoto, kulia, kushoto, kulia, kisha B na A, uliasisiwa na Kazuhisa Hashimoto alipokuwa akiandaa gemu nyingine, Gradius, ya mwaka 1986. Aliuweka kwa sababu yeye mwenyewe iligeuka kuwa ngumu mno kwake kuimaliza wakati wa kuijaribu. Namna ulivyosafiri kutoka Japani hadi kwa watoto wa Mandewa wasio na gazeti wala intaneti ni swali ambalo mwanafunzi yule angeweza kulitafutia jibu. Kwetu uliletwa na kijana aliyesoma Dodoma, akatuuzia kwa miwa miwili.

Katika hatua ya tatu ya gemu hiyo kuna maporomoko ya maji. Wachezaji wanapanda kwa kuruka kutoka jabali hadi jabali, na kioo kinamfuata aliye juu. Aliyeachwa chini anakufa, hata kama hajaguswa na adui. Kaka yangu alikuwa mwepesi kuliko mimi na alipanda bila kutazama nyuma. Niliporalamika, wote kibandani walinicheka, isipokuwa Fundi, ambaye aliweka sheria: anayemwacha mwenzake katika maporomoko anatoa pedi kwa anayefuata. Sheria ile ilidumu miaka yote. Nimesoma baadaye vitabu vingi vya nadharia ya utawala wa mali za pamoja, na kila mara namwona Fundi ameketi kwenye ndoo iliyogeuzwa, solda mkononi.

Hapa ndipo historia yetu inapoachana na ile inayosimuliwa katika vitabu vya wenzetu. Kwao gemu zilihama kutoka kumbi za sarafu kwenda sebuleni. Soko la Marekani lilianguka mwaka 1983, hata Atari ikafukia kaseti zake katika jangwa la New Mexico, na watafutaji wakazifukua mwaka 2014. Baadaye Nintendo akalifufua kwa kuingia majumbani. Sisi tulikwenda kinyume. Mashine iliyotengenezwa kwa ajili ya familia moja tuliitoa sebuleni, tukaiweka barabarani, tukaigawa kwa dakika. Kibanda cha Fundi kilikuwa na mabenchi mawili, na kwa kila anayecheza walikuwapo kumi wanaotazama, wanaoshauri na wanaozomea. Hatua chache tu kutoka hapo, chini ya mwarobaini, wazee walicheza bao, mashimo 32 na kete 64, nao pia walizungukwa na washauri wasioombwa. Wazee wale wale walitufukuza kibandani kwa fimbo. Sikumbuki hata mmoja wetu aliyethubutu kuwauliza tofauti.

Wasichana walikuwa wachache mno, na hilo lazima nilikiri. Dada yangu hakuwahi kukalia lile benchi. Yeye alicheza Nyoka katika Nokia 3310 ya baba, usiku, simu ikiwa chajini, na nadhani alikuwa bora kuliko sisi sote. Gemu hiyo iliwekwa kwanza katika Nokia 6110 mwaka 1997, na yeyote atakayeandika historia ya wanawake na gemu nchini atalazimika kuanzia kwenye simu za baba.

Mwaka 2006 Fundi alinunua PlayStation 2. Mashine hiyo, iliyotoka Japani mwezi Machi 2000, imeuzwa zaidi ya milioni 150 duniani, na hakuna nyingine iliyoifikia. Hesabu hiyo haisemi ni watu wangapi walicheza kwa kila mashine. Ya Fundi pekee ilipita mikononi mwa kata nzima. Mpira ulitawala. Winning Eleven, ambayo sehemu nyingine huitwa Pro Evolution Soccer, haikuwa na haki ya kutumia majina ya timu nyingi, hivyo Manchester United iliitwa "Man Red" na Liverpool "Merseyside Red". Watoto waliofeli Kiingereza darasani walijua fika kwa nini jina halisi halikuwapo, na walilieleza suala la hakimiliki vizuri kuliko nilivyolisikia likielezwa katika semina. Sidii yetu yenyewe ilikuwa ya kunakili, bila shaka. Kama tungesubiri sidii halali, tungekuwa tunasubiri mpaka leo.

Gemu ile ilikuruhusu kubadili majina ya wachezaji. Mwaka huo huo Márcio Máximo alikuja kutoka Brazili kuifundisha Taifa Stars, na nchi nzima ilishikwa na homa. Sisi tulichukua timu moja isiyotumiwa na mtu, tukaipa jezi ya buluu, tukaandika majina ya wachezaji wetu herufi kwa herufi kwa kutumia pedi. Ilituchukua siku tisa. Tulibishana kuhusu kasi ya kila winga na nguvu ya kila beki. Bishano moja liliisha kwa ngumi. Timu yote ilihifadhiwa katika memori kadi ya megabaiti nane, na katika kioo kile Tanzania iliifunga Brazili mabao manne kwa mawili, mchezaji akiwa kaka yangu, kibanda kikitetemeka. Kwa wengi wetu hiyo ndiyo mechi kubwa kuliko zote za Taifa Stars tulizoziona kwa macho.

Mwaka ule ule ulikuwa wa mgao wa umeme. Ukame ulikausha mabwawa, na kibanda kikawa kinafunguliwa kwa saa zisizotabirika. Watoto walilala na sikio wazi. Taa ikiwaka saa tano usiku, madirisha yalifunguka.

Sasa nifike kwenye sheria. Mwaka 2003 nchi ilipata Sera ya Taifa ya TEHAMA, na mwaka huo huo Bunge likatunga Sheria ya Michezo ya Kubahatisha. Hati moja ilizungumza juu ya kompyuta kama chombo cha maendeleo, nyingine juu ya kamari na umri wa miaka 18. Kibanda cha Fundi kiliangukia katikati. Hakikuwa TEHAMA, maana hakuna aliyekuwa anajifunza chochote kinachotambulika; na hakikuwa kamari, maana hakuna aliyeondoka na pesa. Mambo yaliharibika zilipoingia mashine za sarafu, zile vijana wanazoziita dubwi, zikawekwa katika vibanda na maduka yale yale. Kwa macho ya mpita njia vyote ni kioo na taa na watoto. Siku moja walikuja watu wenye barua ya mhuri wakakifunga kibanda cha Fundi kwa siku arobaini kwa kosa la kuchezesha kamari. Alionyesha sidii, alionyesha pedi, alieleza. Hawakumsikiliza, kwa kuwa neno walilokuwa nalo lilikuwa moja tu: mchezo.

Sitawatetea kupita kiasi wenzangu wa benchi. Niliwahi kutumia pesa ya mchango wa shule, na mama aliuza mayai wiki tatu kuirudisha. Wazazi walikuwa na hoja. Lakini hoja ya utoro na hoja ya kamari ni mbili, na aliyezichanganya alimwachia mwenye dubwi nafasi ya kufanya biashara huku mwenye pedi akifungiwa.

Baadaye tulikuja kuona kwamba mchezo wa kwenye kioo unaweza pia kuitwa elimu, ilimradi mwito utoke ng'ambo. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji takriban 170 vya mkoa wa Tanga walipewa tableti zenye michezo ya kujifunza kusoma na kuhesabu kwa Kiswahili, vikajengwa vituo vya kuchajia kwa jua, na mwezi Mei 2019 washindi wawili, onebillion ya Uingereza na Kitkit School, wakagawana dola milioni 10. Wengi wa watoto wale hawakuwa wamewahi kuhudhuria shule. Naliunga mkono jambo lile kwa moyo wote. Najiuliza tu kwa nini halikuletwa swali kwa mafundi waliokuwa wameketi miaka ishirini wakitazama jinsi mtoto anavyojifunza kitu kigumu kwa hiari yake.

Mwezi uliopita nilikwenda Mandewa. Mji umekifikia kibanda na kukipita. Hospitali ya rufaa imejengwa, maduka yamejipanga, na Fundi sasa anatengeneza simu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, mdogo wangu. Umekuja kulipa?"

Memori kadi ipo, lakini mashine ya kuisomea iliungua zamani kwa umeme uliorudi kwa nguvu. Sijui kama Taifa Stars yetu bado imo. Kilichonishangaza ni madaftari. Anayo sita, kuanzia 2001 hadi 2014, yenye jina, dakika, kiasi na deni. Yanaonyesha siku za mgao, kwa kuwa kurasa zake ni tupu. Yanaonyesha majuma ya mitihani, msimu wa mavuno ya alizeti pesa zilipoongezeka, siku arobaini za kufungiwa, na mwezi ambao shilingi hamsini ilipanda ikawa mia. Nimefanya kazi katika nyaraka za taifa na sijaona chanzo kinachosema mengi kiasi hicho juu ya pesa za mfukoni za mtoto wa Kitanzania.

Nilimpigia simu mwanafunzi wangu nikiwa hapo hapo. Nitasimamia utafiti wake mimi mwenyewe, na kikao kijacho nitalisema jambo hili kwa sauti. Amekwisha kuanza kuyapiga picha madaftari, ukurasa baada ya ukurasa. Kama miongoni mwenu, wasomaji, yupo aliyewahi kuendesha kibanda, Kahama au Tandale au Mwembeladu, na daftari lake bado halijafungiwa maandazi, naomba aniandikie.

Jina langu limo katika daftari la tatu. Deni ni shilingi 150, la mwezi Agosti 2007. Fundi alikataa noti niliyompa, akasema hana chenji.