Anne Moody

Anne Moody (1940–2015) alikuwa mwandishi na mwanaharakati Mmarekani Mweusi kutoka Mississippi, binti wa wakulima waliolima shamba la Mzungu kwa kugawana mavuno. Tangu utotoni alifanya kazi za ndani katika nyumba za Wazungu. Tarehe 28 Mei 1963, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Tougaloo, aliketi na wenzake kwenye kaunta ya chakula ya duka la Woolworth's mjini Jackson, iliyotengwa kwa Wazungu. Umati uliwapiga, ukawamwagia sukari, haradali na sosi ya nyanya. Tawasifu yake, Coming of Age in Mississippi (1968), inasimulia hayo bila kuwapamba hata viongozi wa harakati za haki za kiraia, na hapo ndipo ilipo nguvu yake. Alifariki Mississippi.