Maji ya Mtoto Kinyangiri

Kinyangiri, kata ya Wilaya ya Mkalama mkoani Singida, iko katika ukanda mkavu wa kati wa Tanzania, wenye msimu mmoja tu wa mvua. Kiangazi kirefu ndicho kilichoamua tangu zamani watoto wanywe maji gani. Mabwawa na madimbwi yakikauka, watu wa ukanda huu huchimba mashimo kwenye mchanga wa makorongo. Mchanga huyachuja maji vizuri, lakini shimo likiachwa wazi na ng'ombe wakanywea hapohapo, faida hiyo hupotea.

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 wa kumfikishia kila mwanakijiji maji safi kabla ya 1991, yasiyozidi mita 400 kutoka nyumbani. Lengo halikufikiwa. Katika vijiji vingi nchini pampu ziliharibika, dizeli ikakosekana, na akina mama wakarudi kwenye visima vyao vya zamani.

Elimu ilitangulia mabomba. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wapatao milioni mbili kwenye vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza kuchimba vyoo na kujikinga na kuhara damu. Ushauri wa kuchemsha maji ulikuwa sahihi, ila ulimwongezea kazi mama yule yule aliyekwisha kubeba ndoo: kuni nazo zilimngoja yeye. Hata yaliyochemshwa huchafuka tena kata ikitumbukizwa mtungini na mikono isiyonawa.

Kuhusu mtoto anayeharisha, desturi ya kumnyima maji ili "kukausha" tumbo iliua wengi mahali pengi duniani. Kuanzia miaka ya 1970 kukaja pakiti za ORS, mchanganyiko wa kurudisha maji mwilini, na kwa nyumba isiyo na pakiti, mchanganyiko wa lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha.

Badiliko lililowashangaza zaidi bibi na mama wakwe lilihusu mtoto mchanga. Katika sehemu nyingi za Tanzania alipewa maji mapema, kwa hofu ya kiu au kutuliza mchango. Mwaka 2001 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza maziwa ya mama pekee hadi miezi sita, bila hata tone la maji. Maziwa hayo ni maji kwa karibu asilimia 88, hivyo hutosha hata wakati wa joto; maji ya ziada hujaza tumbo dogo na kupunguza hamu ya kunyonya. Baada ya miezi sita, kikombe kinapendekezwa kuliko chupa, kwani chuchu ya chupa ni ngumu kusafisha.

Kuchemsha hakumalizi kila tatizo Singida. Baadhi ya visima vya mkoa huu vina floridi nyingi, nayo haiondoki kwa moto. Maji yakipungua sufuriani, kiasi cha floridi kwa lita huongezeka. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita, ingawa Tanzania iliruhusu hadi 8 vijijini kwa miaka mingi, kwa kukosa vyanzo vingine, kabla ya kushusha kiwango hicho. Wanaodhurika zaidi ni watoto wadogo, kwa kuwa meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi katika miaka minane ya mwanzo. Floridi haionekani kwa macho, kwa hiyo maji ya kisima kipya yanapaswa kupimwa maabara kabla ya kisima kukabidhiwa kijiji.